Kwa nini wazo huja kwenye feri ya Likoni na si mezani? Wajuzi wa ubongo piteni hapa

#1 MchoraTuktuk
Salaam aleikum. Kazi yangu ni kuandika maneno nyuma ya tuktuk na matatu, niko Majengo. Wiki jana mteja wa Likoni kaniletea tuktuk mpya, viti bado vina nailoni. Hataki "Mungu mbele", hataki "Pole pole", ataka neno ambalo hajaliona Mombasa nzima. Siku tatu nimekaa na karatasi. Nimechonga penseli, nimechora maua pembeni, chai imepoa nikaipasha ikapoa tena. Hakuna kitu.

Siku ya nne navuka kwenda kumwambia nimeshindwa. Nimesimama kwenye feri kando ya mkokoteni wa ndizi, naangalia maji yanavyochemka wakati ule mlango wa chuma washuka, sina habari na mtu. Neno likaja zima zima: WANIONA MDOGO? NAPITA USIPOPITA. Sikuwa na karatasi, nikaliandika kiganjani.

Sasa nimesoma mahali kwamba ubongo una mtandao wake ambao huwaka pale usipokuwa na kazi. Kwa hivyo nasema hivi: ukitaka wazo jipya, acha kufikiri. Kweli au ni porojo za intaneti?

#2 KahawaTungu
Feri kwa mguu ni bure. Wazo halikukugharimu kitu, mpe mteja bure.

#3 Msoma_Sana
Si porojo, ila umelichukua nusu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake pale St. Louis, Marekani, waliandika juu ya sehemu za ubongo ambazo mtu akipewa kazi ya kuzingatia hupunguza nguvu, na akiachwa amelala tu hupanda. Zipo katikati ya paji kwa ndani, nyuma katikati, na pembeni juu ya masikio. Wakauita mtandao wa difolti, yaani hali ambayo ubongo hurudi wenyewe usipotumwa. Ndio mtandao wa kukumbuka ya jana, kupanga ya kesho, kuwaza fulani alimaanisha nini aliposema vile.

Na ubongo haulali hata ukiwa umezubaa. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili lakini hula kama asilimia 20 ya nishati. Ukianza kupiga hesabu ngumu, matumizi hayo huongezeka kidogo sana tu. Maana yake nguvu nyingi ilikuwa ikitumika tangu mwanzo, kwa shughuli ambazo hukuziagiza.

#4 KijanaKisauni
Mbona mnazunguka. Ubongo wa kulia ni wa sanaa, wa kushoto ni wa hesabu. Mchoraji ni mtu wa kulia. Kwisha.

#5 Mpiga_Picha_Mifupa
KijanaKisauni, hilo lilikufa zamani. Lilitokana na kazi ya kweli ya Roger Sperry, aliyepata Nobel mwaka 1981, ila yeye alichunguza wagonjwa waliokatwa ule mshipi unaounganisha pande mbili za ubongo. Watu wakalikuza likawa kama nyota za magazetini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 wakitafuta hao "watu wa kulia" na "watu wa kushoto". Hawakuwaona. Kazi fulani huegemea upande mmoja, kama lugha kwa kushoto, lakini mtu mzima mzima haegemei.

Mimi kazi yangu ni mashine ya MRI, ile ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, hospitali sitaitaja. Nitarudi, zamu inaanza.

#6 Bi_Kanga
Nimewasoma. Mimi nauza kanga Biashara Street, mwaka wa 22 huu. Nawaambia habari ya kuzubaa siikubali. Majina ya kanga yaliyo makali sijayaona yakiletwa na mtu aliyetulia. Mwaka juzi alikuja mama, mkewenza kamsema harusini mbele za watu. Hakuketi, hakuvua hata viatu mlangoni, akaniambia andika: "Chungu ni changu, moshi wakutoa machozi wewe." Pumzi moja. Hakupita feri, hakuangalia maji. Yule alikuwa na uchungu, na uchungu ndio ulotunga.

#7 KahawaTungu
Hiyo kanga ipo? Nataka mbili, moja ya jirani.

#8 Fundi_Patasi
Naunga mkono Bi_Kanga lakini kwa sababu nyingine. Mimi nachonga milango, babu alichonga, baba kachonga. Wazo langu huja patasi ikiwa mkononi, wala si nikizubaa. Nikizubaa nakata kidole. Ua jipya huzaliwa ninapokosea: mbao ina fundo, patasi yateleza, sasa itabidi nilizungushe jani nilifiche lile kosa. Mteja husema, "Fundi, hili jani umelitoa wapi?" Nimelitoa kwenye fundo.

#9 Mtanga_Halisi
Wakuu habari za Mombasa. Tanga tunasoma kimya kimya. Ila Fundi_Patasi kanikosha.

#10 Msoma_Sana
Ndiyo maana nilisema mwenye uzi kachukua nusu. Mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake waliwaweka watu 163 ndani ya mashine, wakawapa jina la kitu cha kawaida, wakawaambia wafikirie matumizi ambayo si ya kawaida. Waliotoa mawazo mapya zaidi hawakuwa wale ambao difolti peke yake iliwaka. Walikuwa wale ambao mitandao mitatu ilishikana vizuri: difolti inayoleta picha na kumbukumbu, wa udhibiti unaoshika lengo na kukata yasiyofaa, na wa tatu ambao hutambua lipi lastahili kuangaliwa sasa hivi.

Kwa kawaida difolti na udhibiti hupishana, mmoja ukipanda mwingine hushuka. Kwa hawa watu ilikuwa ikifanya kazi pamoja. Hapo ndipo ajabu ilipo.

#11 KijanaKisauni
Kama matatu. Difolti ni abiria wanaopiga kelele, udhibiti ni dereva, na wa tatu ni makanga, ndiye huamua nani apande nani abaki stejini.

#12 KahawaTungu
Na makanga wa Kisauni hupandisha wote. Ndiyo maana mawazo yako hayana pa kukalia.

#13 Nahodha_Mstaafu
Hicho kipimo cha matumizi tukifanye hapa hapa. Kitu: kifuu cha nazi. Si upawa, si kata ya maji, si makaa, hayo kila mtu ayajua.

#14 Bi_Kanga
Kupandia mche wa rehani. Kuwekea ubani.

#15 Mtanga_Halisi
Kupimia mchele wa mkopo kwa jirani, ili deni lisibishaniwe.

#16 KijanaKisauni
Vifuu viwili, sauti ya farasi kwenye mchezo wa shule. Tulifanya darasa la sita, nilikuwa farasi.

#17 Fundi_Patasi
Kufunika taa ya tuktuk ya #1 asiione polisi.

#18 MchoraTuktuk
Tuktuk ya mteja wangu ina taa zote jamani. Lakini angalieni: ya Bi_Kanga nimeyaona nyumbani kwetu. Ya Mtanga sijapata kuyaona. Kwa hivyo kadiri watu wanavyoendelea ndivyo yanavyokuwa mapya?

#19 Msoma_Sana
Ndivyo ilivyo. Hili limeonekana mara nyingi kwenye vipimo vya aina hii: majibu ya mwanzo hutoka kwenye kumbukumbu, ya kawaida yakisha ndipo mapya hutoka. Na siku zako tatu za karatasi huenda zilikuwa za kumaliza ya kawaida.

#20 Mzee_Mizani
Nalikuwa nasoma tu. Mwasema maneno mengi ambayo yangetosha beti moja. Chukueni:

Wazo ni kama mgeni, halina siku na saa
Huja uwapo njiani, na moyo umezubaa
Ukiliita mezani, hugoma na kukataa
Na kalamu mkononi, kama moshi linapaa

#21 Fundi_Patasi
Mzee wangu shikamoo, lakini siwezi kukuachia uwanja:

Mgeni haji gizani, asipoiona taa
Huwashwa taa nyumbani, ndipo akaja kukaa
Mafuta yake nini, kusoma ukachakaa
Asokwenda baharini, hapiki hata dagaa

#22 Mzee_Mizani
Marahaba mwanangu. Ujumbe umefika, mguu umevunjika. Mshororo wa tatu, kipande cha mbele, mizani saba badala ya nane. Sema "Na mafuta yake nini".

#23 Fundi_Patasi
Ma-fu-ta-ya-ke-ni-ni. Saba. Nimeaibika mbele ya Tanga. Nashukuru mzee.

#24 MchoraTuktuk
Mzee, ulihesabu au?

#25 Mzee_Mizani
Sikuhesabu. Nalisoma kwa sauti, sikio likajikwaa, kama mtu ashukaye ngazi akadhani kuna kidato kimoja zaidi. Kuhesabu nalihesabu baadaye nipate ushahidi. Miaka arubaini sijapinda vidole kwa mizani. Nalipokuwa mwanagenzi nalipinda hadi nikaota.

#26 Mpiga_Picha_Mifupa
Nimerudi, na mmefika pazuri. Kuna watu waliopima karibu jambo hili hili.

Charles Limb na Allen Braun, mwaka 2008, waliwalaza wapiga piano wa jazi ndani ya mashine na kinanda kidogo cha plastiki, maana chuma humo hakiingii. Walipopiga kwa kubuni papo hapo, sehemu ya mbele ya pembeni, ile ya kujichunga na kujikosoa, ilitulia. Ya katikati ya paji ikapanda. Mwaka 2012 wakapimwa warapu 12 wakighani bila kuandaa, picha ikafanana na hiyo. Na mwaka 2015 wakaja washairi, wazoefu na wanagenzi: walipotunga, sehemu za udhibiti zilishuka, walipohariri zikarudi kazini.

Kwa hivyo Fundi alitunga akiwa amemfungia mlango mkosoaji, na saba zikapita. Mzee akamfungulia.

#27 Msoma_Sana
Lakini hapo si unapingana na Beaty wa #10? Yule asema udhibiti washirikiana na difolti, hawa wasema udhibiti wazimwa.

#28 Mpiga_Picha_Mifupa
Ndiyo, zapingana, na mabishano yapo. Wako wasemao ni kazi tofauti: kughani papo hapo si sawa na kutafuta matumizi ya kifuu, ambako lazima uishike shabaha kichwani. Wengine wasema ni ubingwa, kwamba aliyezoea hahitaji kujisimamia, kama masikio ya Mzee. Na wapo wasemao majaribio mengine ni madogo mno. Wapiga piano wale walikuwa sita. Sita! Hata timu ya mtaa ina watu zaidi.

Halafu mjue mashine yenyewe. Haioni wazo. Huona damu yenye oksijeni ikikimbilia mahali palipofanya kazi, na damu huchelewa sekunde tano, sita. Neno la MchoraTuktuk lilipofika kiganjani, damu ilikuwa bado yapanda ngazi. Na humo ndani ni kelele kama Jua Kali wagonga mabati, umelazwa chali, umeambiwa usitikisike, kisha waambiwa: haya, buni.

#29 KahawaTungu
Mtu aingizwe kwenye pipa la sumaku aambiwe buni. Mimi ningebuni njia ya kutoka.

#30 Mpiga_Picha_Mifupa
Na kuna hadithi ya samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake kule Marekani walimnunua samoni dukani, amekufa kitambo, wakamweka ndani ya MRI. Wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" hawa watu wanahisi nini. Walipopiga hesabu kizembe, ubongo wa samaki ukaonyesha vidoa vya kazi.

Sababu: picha ya ubongo hukatwa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande waulizwa, "umewaka?" Ukiuliza mara maelfu, wachache watasema ndiyo kwa bahati tu. Walipopiga hesabu ipasavyo, vidoa vikafutika. Mwaka 2012 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kwa hivyo mkiona gazeti limeandika "kituo cha ubunifu chapatikana", mkumbukeni samaki.

#31 Nahodha_Mstaafu
Samaki wa barafu hajui kitu. Wangemchukua nguru wa leo asubuhi.

#32 Mtanga_Halisi
Mkuu, changu wa Tanga angejibu maswali yote na kuomba ndimu.

#33 Mwalimu_Tega
Asanteni kwa uzi. Mwazungumza ubunifu, lakini mimi nafundisha darasa la tano na shida yangu iko nyuma ya hapo: udadisi. Mtoto asiyetaka kujua hana cha kubuni. Nitawapa jambo. Kitendawili!

#34 KijanaKisauni
Tega!

#35 Mwalimu_Tega
Kutwa yuwasafiri na kwao hatoki.

#36 KahawaTungu
Feri ya Likoni.

#37 Mwalimu_Tega
Siyo.

#38 Bi_Kanga
Mlango? Waenda na kurudi, bawaba ziko pale pale.

#39 Mwalimu_Tega
Pazuri, lakini siyo. Acheni kidogo niwaeleze kwa nini nimewatega.

Mwaka 2014 Matthias Gruber na wenzake huko California waliwauliza watu maswali ya chemsha bongo, kila mtu akasema ana hamu kiasi gani ya kujua jibu. Kisha hawakupewa jibu papo hapo. Wakangojeshwa sekunde 14, na katikati ya kungoja wakaonyeshwa uso wa mtu wasiyemjua, hauhusiani na lolote. Baadaye ikaonekana: majibu waliyoyatamani waliyakumbuka zaidi, na hilo mtu angelitarajia. Ajabu ni nyuso. Nyuso zilizopita wakati mtu ana hamu zilikumbukwa zaidi kuliko zilizopita wakati hana hamu. Sehemu za ndani za ubongo, zile zitumiazo kemikali ya dopamini na huamka mtu akingojea malipo, zilikuwa zimewaka pamoja na hipokampasi, mahali pa kuhifadhia kumbukumbu.

Niliposoma hayo nikacheka peke yangu ofisini. Bibi zetu walikuwa wakifanya nini? Umeshindwa, hapewi mtu jibu. "Nipe mji." Wampa Mombasa. "Mombasa nilikwenda, nikakaribishwa, nikala pilau, nikalala kwenye kitanda cha samadari..." Huku wewe roho yako iko juu. Kule kuzungushwa si mchezo tu. Darasani sasa natega kwanza, kisha nafundisha somo, jibu natoa kengele ikikaribia kulia. Walio nyuma kabisa, wale wa dirishani, siku hizi hubakia wakinitazama.

#40 MchoraTuktuk
Mwalimu hii imenigusa. Maana siku zile tatu mezani sikuwa na hamu, nilikuwa na hofu. Hofu ya mteja. Kwenye feri nilishakata tamaa, hofu ikaondoka.

#41 Msoma_Sana
Yupo George Loewenstein, aliyeandika mwaka 1994 kwamba udadisi ni mwasho wa pengo: wajua kiasi, na wajua kuna kilichobaki. Asiyejua kitu hadadisi, kwa sababu halioni pengo. Ndiyo maana kitendawili hutoa nusu.

#42 Bi_Kanga
Na udaku nao? Maana mimi mambo ya watu yaniwasha kweli kweli.

#43 Msoma_Sana
Umewekwa kwenye utafiti, Bi_Kanga. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha kazi yao: watu 149 waliachwa wazunguke Wikipedia dakika 15 kwa siku, siku 21, kokote moyo unakowapeleka. Kila ukurasa ukawa nukta, wakachora mtandao. Wengine wakawa wawindaji, kurasa zao zakaribiana, wafuata nyayo moja. Wengine wadakuzi, kutoka tembo hadi harusi ya mfalme hadi namna ya kutengeneza sabuni. Wale ambao kutojua huwawasha ndio mitandao yao ilikuwa ya karibu karibu.

#44 Bi_Kanga
Basi mimi ni mwindaji. Sifuati habari za watu kumi, nafuata za mtu mmoja mpaka mwisho.

#45 KahawaTungu
Mkewenza wa #6 aishi wapi?

#46 Bi_Kanga
Wewe ndiye mdakuzi sasa.

#47 KijanaKisauni
Mimi nina ushuhuda. Mawazo yangu huja usiku, muguka shavuni, yale majani ya kutafuna, handasi imepanda. Juzi niliandika mawazo 14 ya biashara. Kumi na nne! Difolti, udhibiti, makanga, wote walikuwa wamepanda.

#48 Nahodha_Mstaafu
Ulipoyasoma asubuhi?

#49 KijanaKisauni
Moja ilikuwa "kuuza maji ya bahari, ila baridi". Nyingine sikuweza kuusoma mwandiko.

#50 Fundi_Patasi
🤣🤣 Hariri haikurudi kazini.

#51 Dada_Makadara
Hodi. Niko hapa kwa ajili ya ami yangu. Ana ugonjwa wa Parkinson, anatetemeka mkono. Alipobadilishiwa dawa, mtu aliyekuwa karani wa bandari maisha yake yote alianza kuchora majahazi. Ukutani, kwenye makatoni, nyuma ya kalenda. Hulala masaa matatu tu kwa usiku. Picha ni nzuri, mashallah. Lakini mama aogopa. Ni dopamini hiyo mnayosema?

#52 Mpiga_Picha_Mifupa
Karibu dada. Madaktari wamekwisha kueleza wagonjwa kama hao, wapo walioanza kuchora au kuandika baada ya kupata dawa zinazoigiza dopamini. Lakini dawa hizo hizo zaweza kumtia mtu kamari, ununuzi usio na kiasi, kukosa usingizi. Kwa hivyo hayo ya kulala masaa matatu na kuchora bila kuacha mwambieni daktari wake, na dawa asikatizwe nyumbani. Picha zake zihifadhini.

#53 Dada_Makadara
Asante. Kuna moja ya jahazi kubwa, hata tanga lake kalichora uzi kwa uzi. Sijui alilionea wapi.

#54 Nahodha_Mstaafu
Alikuwa karani wa bandari dada. Ameona. Mtu huona miaka arubaini asijue ameona.

#55 Mzee_Mizani
Hapo nahodha kasema. Na mimi nina kesi ya wazi kuliko zenu. Mshairi Abdilatif Abdalla, mtoto wa hapa hapa Mvita, alifungwa 1969, miaka mitatu, muda mwingi peke yake. Hana kitabu, hana mtu. Akaandika mashairi kwenye karatasi za choo. Sasa mwambieni huyo kwamba wazo huja mtu akistarehe kwenye feri.

#56 Msoma_Sana
Lakini mzee, upweke si ndiyo difolti yenyewe? Mtu hana la nje, ubongo warudi ndani kwenye kumbukumbu.

#57 Mzee_Mizani
Wafungwa wangapi walikuwa pweke wasitoe hata ubeti? Yule alilelewa nyumba ya mashairi, nduguye Ahmad Nassir ni mshairi mkubwa. Aliingia jela na ghala limejaa. Mwampa sifa mlango, mwaisahau ghala.

#58 Bi_Kanga
Na uchungu, mzee. Msiusahau uchungu wa mama wa kanga.

#59 Fundi_Patasi
Na jela ni fundo kwenye mbao.

#60 KijanaKisauni
Na usingizi je? Sihesabu ya muguka. Mimi nikisinzia kwenye matatu, kichwa chagonga dirisha, hapo hapo jibu la jambo nililoshindwa kazini.

#61 Msoma_Sana
Hilo lina ushahidi. Paris, 2021: watu walipewa hesabu ambayo ndani yake kuna njia ya mkato iliyofichwa. Wakapumzishwa dakika 20 kitini, gizani, na kitu mkononi ili wakizama kwenye usingizi kianguke kiwaamshe. Waliopata lepe la usingizi, hata sekunde 15 tu, asilimia 83 waligundua njia ya mkato. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi, 14.

#62 Mtanga_Halisi
Yaani ukizidisha usingizi wapoteza? Basi Tanga tumezidisha.

#63 MchoraTuktuk
Sasa nimechanganyikiwa vizuri. Nimekuja na jibu moja, nina sita: kuzubaa, uchungu, fundo la mbao, ghala, lepe la usingizi, pengo la mwalimu. Nimefikiria tena ile siku. Kweli nilikuwa nimezubaa. Lakini kabla ya kupanda, kule kwenye foleni, tuktuk moja ilijipenyeza kati ya lori na ukuta, dereva wa lori akamtukana, yule wa tuktuk akacheka akapita. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimelikumbuka leo nikisoma #54.

#64 Fundi_Patasi
Kumbe neno si lako, ni la dereva!

#65 Nahodha_Mstaafu
La dereva ni kupita. Kulisema ni kwako. Mteja kafurahi?

#66 MchoraTuktuk
Usiniulize. Leo asubuhi nimemaliza, rangi nyekundu na kivuli cha dhahabu, herufi ya M pekee imenichukua saa nzima. Kaja na mkewe. Mke kalisoma, kasema hilo neno litamletea mumewe ugomvi na malori. Wametaka nifute niandike "Mungu mbele".

#67 KahawaTungu
Difolti.

#68 Bi_Kanga
😂😂 Nilete mimi hilo neno, nalipiga kwenye kanga. Nusu kwa nusu.

#69 MchoraTuktuk
Nakuja kesho Bi_Kanga. Mwalimu, kabla sijalala: kitendawili. Ulimi?

#70 Mwalimu_Tega
Siyo ulimi.

#71 Nahodha_Mstaafu
Mawimbi.

#72 Mwalimu_Tega
Siyo. Nipeni mji.

#73 KahawaTungu
Chukua Mombasa.

#74 Mwalimu_Tega
Mombasa naishi, nimeichoka. Mji mwingine.

#75 Mtanga_Halisi
Chukua Tanga, mkuu, na changu wake.

#76 Mwalimu_Tega
Tanga nitakwenda likizo ya Disemba. Mwingine.

#77 KahawaTungu
Malindi. Lamu. Haya na Zanzibar nimekupa, si yangu lakini chukua.

#78 KahawaTungu
Mwalimu?

#79 KijanaKisauni
Katoka hewani. Kesho ana darasa la tano.

#80 KahawaTungu
Miji yote nimeshaitoa, hapa nimebakia na Mtwapa tu.